Msilaumu Mlima: Stori ya Kiwanja cha Lukla

Wasee, kuna ile klipu imezunguka TikTok miaka sasa. Ndege ndogo inatokea katikati ya milima, mbele yake kuna kipande cha lami kimebandikwa kwenye mteremko kama kiraka kwenye suruali. Inagusa chini, inapanda ile lami kama matatu inayokimbilia abiria mlimani, halafu inakata kona kabla haijabusu ukuta wa mawe. Chini ya ukingo wa pili hakuna kitu, ni bonde tu. Maandishi juu: "Uwanja wa ndege hatari zaidi duniani." Muziki wa kutisha. Watu elfu kadhaa wanaandika "mimi siwezi".

Hapo ni Lukla, Nepal, kwenye njia ya kwenda mlima Everest. Na mimi hiyo kichwa "hatari zaidi" inaniudhi kidogo, nitawaambia kwa nini. Inafanya tuone ni kama mlima ndio muuaji. Mlima umekaa pale kabla ya binadamu kujua kuwasha moto, haujasonga hata hatua moja kumfuata rubani. Ukisoma historia ya kile kiwanja, na ya viwanja vingine vya milimani, unakuta maswali ni ya watu: nani alichagua pale, nani anaruhusiwa kutua, saa ngapi, na nani yuko na nguvu ya kusema "leo hapana" wakati kila mtu anataka kusikia ndiyo. Hayo maswali hata sisi hapa Kenya yametugharimu, na tutafika huko.

Turudi 1964. Edmund Hillary, yule jamaa wa New Zealand aliyefika kilele cha Everest na Tenzing Norgay tarehe 29 Mei 1953, alikuwa amerudi Nepal, safari hii kufanya kazi na Washerpa. Tayari alikuwa amesaidia kujenga shule ya Khumjung mwaka wa 1961. Alitaka kujenga zingine, na hospitali. Shida ilikuwa usafiri. Hakukuwa na barabara. Mabati, misumari, dawa, vitabu, vyote vilibebwa mgongoni na watu kutoka pande za Kathmandu, mwendo wa karibu wiki 2 kwa miguu, kupanda na kushuka. Hebu fikiria kubeba bati hivyo. Kwa hiyo akaamua wanahitaji mahali pa ndege kutua.

Sasa hapa ndipo stori inaanza kunipendeza. Mpango wa kwanza haukuwa ule mteremko tunaouona kwenye klipu. Ulikuwa kuchukua ardhi iliyolala vizuri, mashamba ya chini. Wakulima wakakataa. Ile ardhi ndiyo ilikuwa inawalisha, na kule juu ardhi tambarare ni chache kama maegesho ya Luthuli siku ya Jumamosi. Wao walikuwa na haki yao, na sijawahi kuona sababu ya kuwalaumu. Lakini uamuzi huo ndio uliozaa Lukla tunayoijua: kiwanja kilipata ardhi ambayo shamba halikuitaka. Bei inayotajwa ni dola 2,650. Ukiangalia vizuri, viwanja vingi vya milimani vimezaliwa hivyo. Injinia hakai chini na ramani akisema "hapa ndipo pazuri". Anaulizwa "hapa ndipo tuliponapo, unaweza kufanya nini?"

Wakakata vichaka kwa mkono, wakang'oa mawe, wakasawazisha. Udongo ukabaki laini, hauwezi kubeba magurudumu. Hakuna roli ya kushindilia, ingepitia wapi? Hillary akanunua pombe ya kienyeji, akaita Washerpa wacheze ile ngoma yao ya kushikana mikono na kukanyaga chini kwa kishindo. Wakacheza mbele, wakacheza nyuma, ardhi ikakaza. Manze, kuna kiwanja cha ndege duniani kilichoshindiliwa kwa densi. Kilibaki cha udongo na changarawe hadi 2001 ndipo kikawekwa lami. Na 2008, mwaka ambao Hillary alifariki, kikapewa jina lake na la Tenzing.

Tuongee hesabu kidogo, msikimbie. Mimi chuo sikumaliza lakini kugawanya najua.

Njia ya kurukia pale Lukla ina urefu wa mita 527. Hiyo ni kama viwanja 5 vya mpira vikiwa vimepangwa mkia kwa kichwa. Ya JKIA inapita kilomita 4. Halafu ile ya Lukla haijalala, imeinama kwa asilimia 11.7. Yaani mwisho wa juu uko karibu mita 60 juu ya mwisho wa chini. KICC ina mita 105, kwa hivyo ndege ikitua Lukla inapanda zaidi ya nusu ya KICC kabla ya kusimama. Ukiona hivyo unafikiri mteremko ndio kosa. Kumbe mteremko ndio unaookoa. Ndege ikitua ikipanda, mlima wenyewe unakuwa breki. Ikiruka ikishuka, mlima unaisukuma hadi ipate kasi. Mita 527 zilizolala bapa kwenye urefu ule zingekuwa balaa.

Kwa nini? Kwa sababu ya hewa. Lukla iko mita 2,845 juu ya usawa wa bahari. Mnajua vile wanariadha wanaenda Iten kufanya mazoezi kwa sababu hewa ni nyembamba, na ukitoka Mombasa ukajaribu kukimbia nao unaona malaika? Ndege pia inahisi hivyo. Kwenye urefu wa Lukla, hewa imepungua uzito kwa karibu robo ukilinganisha na ufuoni. Injini inapata hewa kidogo, propela inashika hewa kidogo, bawa linabebwa na hewa kidogo. Ili bawa libebe uzito uleule, ndege lazima iende kasi zaidi, kama asilimia 15 zaidi. Na mnakumbuka fizikia ya sekondari: kasi ikiongezeka, nguvu ya kuisimamisha inaongezeka kwa mraba wake. Asilimia 15 ya kasi inakuwa karibu theluthi ya ziada ya kazi kwa breki. Ndiyo maana hata hapa kwetu viwanja vya nyanda za juu vina njia ndefu. Eldoret iko juu ya mita 2,100, na njia yake ni karibu kilomita 3.5. Sio maringo ya Moi peke yake, ingawa watu wamecheka sana kuhusu kile kiwanja tangu 1997.

Sasa sheria inasema nini? Mwaka wa 1944, vita vya pili vya dunia bado havijaisha, nchi zilikutana Chicago zikaandika mkataba wa usafiri wa anga. Kutoka hapo likatoka shirika la ICAO, makao yake Montreal, na mwaka wa 1951 likapitisha Kiambatisho cha 14, kile kitabu cha kanuni za viwanja vya ndege. Kinasema njia ya kurukia ya ndege kubwa isiiname kwa jumla zaidi ya asilimia 1. Zile fupi za ndege ndogo, asilimia 2. Lukla ni karibu mara 6 ya hiyo. Kitabu pia kinachora kitu ambacho hukioni kwa macho: mteremko wa hewani unaoanzia mwisho wa njia ukipanda polepole kuelekea kule ndege inatokea. Kwa njia kubwa zinazotumia vyombo, kila mita 50 ukienda mbali, kitu kinaruhusiwa kuinuka mita 1 tu. Mti, mnara, nyumba, kikitoboa huo mteremko, ni kizuizi. Ndiyo maana ukitaka kujenga ghorofa karibu na Wilson lazima Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ikubali urefu wake kwanza. Landilodi wa South C anaweza kuambiwa akate ghorofa za juu.

Lakini mlima huwezi kuupa notisi ya kubomolewa. Huo ndio utamu na uchungu wa hii mada.

Waandishi wa mkataba walijua hili. Kifungu cha 38 kinaruhusu nchi kuiambia ICAO kwamba hapa kwetu kanuni hii hatuwezi kuitimiza, tunafanya tofauti. Watu wengine wanaona hiyo ni mlango wa nyuma. Mimi naona ni deni. Ukisema ardhi yangu haiwezi kukupa usalama wa kitabu, lazima uulipe usalama huo kwa njia nyingine, na njia nyingine ni kubana watu na ndege. Ardhi ikishindwa kutii, binadamu atii maradufu.

Na kwenye karatasi, Nepal ililipa. Lukla ndege kubwa haziruhusiwi, ni zile tu zinazoweza kuruka na kutua pafupi, kama Twin Otter na Let 410. Kutua ni upande mmoja, kupanda. Kuruka ni upande mmoja, kushuka. Rubani anayetaka kutua pale lazima awe amefanya safari zisizopungua 100 za ndege za aina hiyo, awe na mwaka mzima wa kuzirusha ndani ya Nepal, na awe ametua Lukla mara 10 akiwa na mwalimu aliyeidhinishwa. Ndege nyingi huenda asubuhi, kwa sababu mchana upepo unapanda bondeni na mawingu yanajaa. Na kwa kuwa ukishafika karibu huwezi kuinua pua ukajaribu tena, mbele ni mlima, uamuzi wa kutua au kugeuka unafanywa mapema, ukiona njia kwa macho yako. Huoni, hutui.

Wafaransa walifanya hesabu kama hiyo na watu matajiri. Courchevel, kule Alps, kiwanja cha 1961, kiko mita 2,008 juu, njia yake mita 537, na imeinama zaidi hata ya Lukla, karibu asilimia 18.6. Watu wanaenda pale kuteleza kwenye theluji, hakuna anayebebea hospitali mabati. Ufaransa ina kibali maalum cha marubani wa milimani. Leseni yako ya kawaida haikufikishi pale. Bhutan nayo, pale Paro, ni mchana tu na kwa macho tu, na marubani walioidhinishwa kutua ni wachache. Usiku hakuna. Mawingu yakikaa, abiria wanakaa. Hakuna cha "tujaribu".

Sasa kama kanuni za Lukla ziko vizuri hivyo, mbona ndege zinaanguka?

Tarehe 8 Oktoba 2008, Twin Otter ilikuwa inaingia asubuhi. Ukungu ukafunika mwisho wa njia. Rubani akapoteza kuona anakoenda na ndege ikagonga mwamba chini kidogo ya pale lami inapoanza. Watu 18 wakafa, wengi watalii Wajerumani. Alibaki kapteni peke yake. Tarehe 27 Mei 2017, Let 410 ya mizigo, ukungu tena, ikaangukia chini ya njia, marubani 2 wakafa. Soma hizo mbili pole pole. Mteremko wa asilimia 11.7 haukuua mtu hapo. Ufupi wa njia haukuua mtu hapo. Kilichovunjika ni ile kanuni rahisi kuliko zote: huoni, hutui. Na hiyo kanuni haiishi kwenye lami, inaishi kwenye kichwa cha mtu mmoja aliyechoka, ambaye nyuma yake kuna abiria 16 waliolipa, kampuni inayohesabu safari, na hali ya hewa iliyokuwa wazi dakika 5 zilizopita.

Halafu 14 Aprili 2019. Let 410 inaanza kuruka, inapinda kulia, inaingia pale helikopta zimeegeshwa kando ya njia. Watu 3 wakafa. Hii ni ya mpango moja kwa moja. Kiambatisho cha 14 kinataka ukanda mtupu pande zote za njia, kwa sababu siku moja ndege itatoka nje ya mstari. Lakini mlimani, ukipata kipande kilicholala bapa, kila mtu anakitaka. Helikopta ni pesa. Uokoaji ni helikopta pia. Basi zinabanana. Ni ile ardhi ya wakulima tena, miaka 55 baadaye: hakuna nafasi, na kila nafasi ina mwenyewe.

Na kuna moja ambayo mimi hunikaba. Tarehe 31 Machi 1975, mke wa Hillary, Louise, na binti yao wa mwisho, Belinda, walipanda ndege ndogo Kathmandu kwenda Phaphlu, ambako Hillary alikuwa anajenga hospitali nyingine. Ndege ilianguka mara tu baada ya kuruka. Maelezo yaliyobaki ni kwamba vile vifungo vinavyozuia sehemu za bawa zisipeperushwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa havikuwa vimetolewa. Kathmandu kwenyewe, kwenye njia ndefu ya lami. Jamaa aliyewajengea watu kiwanja kinachoitwa hatari zaidi duniani alipoteza familia kwa kitu ambacho mtu mmoja, akizunguka ndege kwa dakika chache, anakiona.

Kathmandu ndiyo ilitoa somo kubwa zaidi, na lilikuja mwaka mmoja. Tarehe 31 Julai 1992 ndege ya Thai Airways aina ya Airbus ilikuwa inakaribia kutua, ikapata hitilafu, ikageuka, na katika kuchanganyikiwa ikaelekea kaskazini, upande wa milima, wakati waliokuwa ndani na waliokuwa mnarani waliamini iko kwingine. Watu 113. Tarehe 28 Septemba, hata miezi 2 haijaisha, ndege ya Pakistan ikaanguka upande wa kusini. Watu 167. Kuingia Kathmandu kutoka kusini ni kama kushuka ngazi: ukifika umbali huu shuka hadi urefu huu, ukifika ule shuka tena, kwa sababu chini ya kila ngazi kuna mgongo wa mlima. Ile ndege ya Pakistan ilikuwa inashuka ngazi moja mapema. Kifaa cha kuonya kuhusu ardhi cha siku hizo kiliangalia chini tu, si mbele, na mlima ule ulikuwa umesimama wima mno kukipa muda. Na kiwanja hakikuwa na rada. Mtu wa mnarani alikuwa anaambiwa na rubani yuko wapi, anaamini, basi. Rada ilikuja baadaye. Watu 280 baadaye.

Sasa mniulize: nani alipaswa kudai rada kabla? Nani alipaswa kuziondoa helikopta pale kando ya njia? Nani anaambia kampuni wewe wiki hii huruki?

Nepal, jibu ni taasisi moja. Mamlaka yao ya usafiri wa anga, iliyoundwa 1998, ndiyo inayotunga kanuni na kutoa leseni, na hiyo hiyo ndiyo inayomiliki na kuendesha viwanja na kukusanya ada za kutua. Refa ameingia uwanjani na jezi. Kama kiwanja kina kasoro, mwenye kuandika ripoti ni yule yule mwenye kiwanja. Kama ndege zisiporuka, anayekosa pesa ni yule yule anayesema zisiruke. Desemba 2013 Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku ndege zote za Nepal kwenye anga yake. Zote, hata zisizowahi kuota kufika Ulaya. Tangu hapo watu wamekuwa wakisema gawanyeni hiyo taasisi mara mbili, mmoja awe refa, mwingine awe mchezaji. Miswada imeandikwa, imeingia bungeni, imekwama. Mtu akiwa na filimbi na goli pamoja, ni nani atampokonya filimbi?

Wengine mtasema si wafunge tu Lukla, yaishe. Mimi nakataa. Kuna mahali kufunga kunawezekana. Honduras walikuwa na Toncontín, kiwanja cha mji mkuu Tegucigalpa, kimezungukwa na vilima na mji. Tarehe 30 Mei 2008 Airbus ya TACA ilishindwa kusimama, ikapita mwisho wa njia hadi barabarani, watu 5 wakafa, wengine wao walikuwa kwenye magari yao chini, hawakuwa wasafiri wa ndege hata kidogo. Mwaka wa 2021 safari za kimataifa zikahamishiwa Palmerola, bonde pana, mwendo wa gari kutoka mjini. Sawa, kwa sababu kulikuwa na barabara na kulikuwa na bonde. Kule Khumbu, mama mjamzito ambaye mambo yameharibika haendi Palmerola. Hospitali ya Khunde, shule, mchele, mitungi ya gesi, kazi za vijana wa kupandisha watalii, vyote vinategemea ile lami ya mita 527. Mtu wa mjini akisema "fungeni" huwa anaongea kuhusu safari ya mwenzake.

Na sasa nyumbani, maana msidhani hii ni stori ya wazungu na theluji.

Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi letu la anga, aina ya Y-12, ilitoka Nairobi kwenda Marsabit. Ndani kulikuwa na watu 17, viongozi wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zimeuana. Wengi wetu hapa tulikuwa watoto wadogo au hata hatujazaliwa. Mlima Marsabit unasimama peke yake katikati ya jangwa, na kwa sababu hiyo unavuta ukungu wote. Ndege iligonga mlima karibu na mji. Watu 14 walikufa, kati yao wabunge 5, akiwemo Bonaya Godana, waziri wa zamani wa mambo ya nje, na Mirugi Kariuki. Watu walioenda kuleta amani. Kaskazini ilipoteza karibu kizazi kizima cha uongozi asubuhi moja, na mimi nilisoma hayo peke yangu, hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia.

Miaka 3 kabla ya hapo, 24 Januari 2003, mawaziri wa serikali mpya ya Kibaki walikuwa wanaondoka Busia baada ya sherehe. Hakuna mlima Busia. Kuna kiwanja kidogo na nyaya za umeme, na ndege ilizigonga ikiruka. Waziri wa Leba, Ahmad Khalif, alikufa, na marubani. Nyaya! Ule mteremko wa hewani niliowaambia, ule usioonekana, kazi yake ni hiyo hasa. Na tarehe 5 Juni 2018, Cessna kutoka Kitale kuja JKIA ilipotea kwenye Aberdares. Ilitafutwa siku 2 kwenye ukungu na mvua, ikapatikana imegonga mlima. Watu 10, hakuna aliyebaki. Mlima huo unauona kutoka barabara ya Nyeri siku ikiwa safi. Hiyo ndiyo maana yangu: kila mtu alijua upo.

Kwetu tumegawanya kazi kiasi. Viwanja vikubwa viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, ya tangu 1991, na msimamizi ni KCAA, ya tangu 2002. Hapo tumewapita Nepal. Lakini KCAA ambayo inasimamia usalama ndiyo pia inayoongoza ndege angani, watu wa mnarani ni wafanyakazi wake. Sisemi ni wabaya. Nasema hata mimi ukiniambia nijisahihishie mtihani nitapata A, na nitaamini nimestahili. Tena sisi tuna viwanja vidogo vingi mno kote nchini, vya mbuga, vya kaunti, vya mashule, ambavyo wakati wa kampeni vinajaa ndege na helikopta za wanasiasa, na mwanasiasa aliyechelewa mkutano ndiye abiria mgumu zaidi kumwambia "ukungu, mheshimiwa, tunangoja". Ukitaka kujua kama nchi ina usimamizi wa kweli wa anga, usiangalie mnara wa JKIA. Angalia kama rubani wa miaka 26 anaweza kumwambia gavana hapana, na Jumatatu bado ana kazi.

Kule Lukla, tangu 2019, misimu ya watalii wengi ndege nyingi hazitokei tena Kathmandu. Zinatokea Ramechhap, kiwanja kingine kilicho karibu zaidi, kwa sababu Kathmandu imejaa. Watalii wanaamshwa usiku wa manane, wanaendeshwa masaa kadhaa, ili wawahi ile asubuhi. Wanalalamika mtandaoni kuhusu usingizi. Barabara ya magari nayo imekuwa ikisogea kutoka kusini, inakatwa kidogo kidogo kwenye mlima, na ikifika, mabati na mchele vitapanda kwa gari. Kabla ya hapo, kila asubuhi mtu anasimama kwenye mnara mdogo pale juu, anatazama bonde, anaamua kama linaonekana.